Picha ya Ulimi Nje

Nilipoingia, kivuli cha Ambokile kilikuwa kinacheka tena, na kilikuwa kimevaa suti.

Hilo la suti liliniudhi kila mara. Ambokile hakuwa mtu wa suti. Siku za kazi alishinda na ovaroli lenye tope la mashimoni, Jumapili akavaa fulana iliyochanika kwapani, na ukimwambia aishone anakuuliza kwani kwapa lako linaona baridi. Lakini kivuli hushonwa kwa picha, na watu hupigwa picha harusini, kwenye mahafali na ubatizo, basi marehemu wote wa bonde hili la Lusungo wanarudi nyumbani wamechomekea. Jirani yetu mmoja alichunga ng'ombe maisha yake yote. Sasa anakaa sebuleni kwa bintiye na shada la maua shingoni, na hakuna anayeshangaa.

"Sekela!" kikaniita kutoka kwenye kochi. "Umekuja kuniona mimi au umefuata chai ya mama?"

"Chai," nikajibu, kama ambavyo ningemjibu akiwa hai.

Kikacheka kwa nguvu. Taa iliyokuwa inakirusha ilikaa mezani, ndogo, ya ukubwa wa kopo la maziwa. Mama Ambokile alikuwa ameivisha kitambaa cha kufuma, akaacha tundu la mwanga. Kivuli hicho nilikishona mimi. Ndimi fundi vivuli pekee katika bonde zima, vinginevyo nisingeigusa kazi ile, maana kumshona rafiki yako ni kazi ya kukuchubua mpaka ndani.

"Kaa, mwanangu," mama akaniambia. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. "Leo Ambokile anasema mbele ya watu."

Ilikuwa siku ya baraza la uchunguzi. Baraza lingekaa kwenye bwalo la kampuni ya mvuke, ile inayofua umeme kwa mvuke wa ardhini, na kumuuliza Ambokile juu ya Shimo la Pili, lile lililomuunguza. Kampuni ilishasema alifungua mlango wa mvuke mwenyewe, kwa uzembe. Yeye naye akisema vifaa vilikuwa vizima, basi shimo lingefunguliwa leo hiyohiyo na zamu ya kwanza ingeshuka jioni. Na baraza lingemwamini, kwa sababu kivuli hakidanganyi. Hakina cha kudanganyia. Kina picha zake tu, na maneno ya mashahidi wa picha hizo.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Ipyana, mdogo wake Ambokile, akiwa ndani ya ovaroli jipya linalonuka duka.

"Dada Sekela, unanionaje?"

"Hilo la nini?"

"Nimejiandikisha. Zamu ya kwanza, Shimo la Pili." Akapiga kifua. "Usinitazame hivyo. Nilimuuliza kaka mwenyewe."

"Nenda tu, bwana mdogo," kivuli kikasema, sasa kimevaa joho la mahafali. "Kule chini ni kicheko mwanzo mwisho."

Mama akacheka, Ipyana akacheka. Mimi nikakirudisha kikombe mezani.

Kwa wasioijua kazi yetu, mambo yako hivi. Mashine iliyo ndani ya taa haielewi sura. Inaona meno, lakini haijui kama ni kicheko au ni baridi. Ndiyo maana kila picha huingizwa na shahidi wake. Mtu anaweka mkono juu ya taa na kusema: hapa alikuwa na furaha, hapa alikuwa amechoka. Mashine ikishaipata hisia, inapekua picha nzima, kona hadi kona, kutafuta kilichoileta, kisha inalinganisha na picha nyingine zote za mtu huyo. Ikiambiwa furaha na mezani kuna keki, inashika keki. Ikiambiwa utani haipekui kitu, hata nguo haizichukui, kwa sababu sababu ya utani ni mtu anayetaniwa. Na uzi ukishaingia hautoki. Fundi anaweza kuongeza, hawezi kufumua. Mwisho, fundi hana mdomo: anakaa, anashona, anakunywa chai ya wafiwa, wala hatii neno lake.

Picha ya mwisho ya Ambokile ilipigwa chini kwenye Shimo la Pili, asubuhi aliyokufa. Ametoa ulimi mpaka kidevuni, macho yamekutana puani, nyuma yake giza na mvuke. Baada ya mazishi mama aliniomba picha yake ya mwisho niliyokuwa nayo, nikampa hiyo. Hakuwa ameweka kitu tumboni tangu msiba uingie. Akaitazama, akaangua kicheko ambacho sitakisahau. "Ananitania!" akasema. "Mpaka siku ya mwisho ananitania mama yake!" Kisha akaomba ugali. Alipoweka mkono juu ya taa akatamka neno hilohilo, utani, nami nikashona, na tangu hapo kivuli kikiulizwa habari za shimo kina kicheko tu.

Haikuwa utani. Tulipokuwa sekondari tulikuwa tunavuka mto kwa daraja la kamba, na siku moja mto ulifurika maji yakawa yanalamba mbao. Ambokile alikuwa mbele. Katikati ya daraja akageuka, akatoa ulimi, akakutanisha macho, nami nikampiga picha huku nimeshika kamba kwa mkono mmoja. Tulipofika ng'ambo akaniambia, "Ukiniona hivyo, ujue tumbo limeshuka mpaka kwenye viatu." Tangu hapo ukawa mchezo wetu. Anayeogopa anatuma sura mbaya, anayepokea anarudisha ya kwake. Alinitumia siku baba yake alipoingizwa chumba cha upasuaji. Nilimtumia nilipokwenda kufanya mtihani wa ufundi. Hatukumwambia mtu, maana raha yenyewe ilikuwa watu kutuona wapumbavu.

Ile ya mwisho alinitumia mimi. Nikamrudishia ya kwangu papo hapo. Bado ipo kwenye simu yangu, chini ya ile yake, na alama yake ya kijivu: haijasomwa.

*

Nikamfuata mama jikoni. Mvua ilikuwa inapiga bati, na yeye alikuwa anamenya ndizi ndani ya beseni la maji.

"Mama, ile picha ya ulimi."

Akatabasamu kabla sijaendelea. "Ile ya kwangu."

"Hakuwa anatania." Nikafunga mlango wa jikoni. "Alinitumia mimi. Alikuwa anaogopa, mama."

Nikamweleza mchezo wetu wote, tangu daraja la kamba. Kisu kilisimama mkononi mwake muda wote niliokuwa nasema. Nilipomaliza akakiweka juu ya meza taratibu sana.

"Kwa hiyo siku ile nilipocheka, wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukaniacha nicheke."

"Ulikuwa huli, mama. Ulipocheka ukaomba ugali. Ningesema nini?"

"Basi nyamaza vilevile na leo." Sauti yake haikupanda, na hilo liliniogopesha zaidi. "Alikuwa anaogopa nini?"

"Sijui."

Hapo ndipo pabaya, na nilikuwa nimepageuza kichwani tangu Ipyana aingie na ovaroli lake. Sikujua. Picha ina giza, mvuke, na kitu nyuma ya bega kinachofanana na kitambaa kinachoning'inia. Ambokile alikuwa na hofu nyingi za kijinga. Aliwahi kunitumia sura mbaya usiku kucha kwa sababu ya panya bwenini. Huenda na siku ile alikuwa ameona panya.

"Hujui," mama akarudia. "Hujui, na unataka kumtia hofu mwanangu. Sikiliza, Sekela. Ambokile alikufa mara moja. Nilimwona walivyomtoa, usinifundishe. Wewe unataka aogope kila siku, asubuhi mpaka jioni, kwenye kochi langu, na mimi namtazama? Mtu hai ukimtisha utamtuliza, atalala, atasahau. Yule hasahau. Ni wewe uliyeniambia uzi ukiingia hautoki."

Kila neno lilikuwa kweli.

"Na Ipyana?" nikauliza.

"Kampuni imemwambia pako salama. Na kaka yake amemwambia."

"Kaka yake amemwambia tulichomwambia sisi, mama."

Akachukua kisu, akarudi kwenye ndizi zake.

"Nimekulea kwenye nyumba hii nusu ya utoto wako," akasema akiwa amenipa mgongo. "Ukimgusa mwanangu, usikanyage tena hapa. Mimi sikutanii."

*

Bwalo lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani na miavuli yao. Nikaiweka taa juu ya meza ya mbele, nikaiwasha, kivuli kikasimama kimevaa helmeti safi ya siku ya sherehe ya wafanyakazi. Watu wakapiga makofi. Walimpenda Ambokile, kila mtu alimpenda.

Bwana Mbilinyi, mkuu wa mashimo, alinipa mkono na pole. Kusema kweli hakuwa mtu mbaya. Wakati wa msiba alileta mchele na turubai, akakaa na wanaume nje mpaka kukakucha, na kwa sababu hiyo nilishindwa hata kumchukia vizuri. Kiti cha mbele kilikuwa cha Hakimu Kyando, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ndogo inayowalazimisha watu wanyamaze ili wamsikie.

Pengine utauliza kwa nini nisingempelekea hakimu ile picha na kumwachia mwenyewe. Picha peke yake siku hizi si ushahidi. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kukutengenezea picha ya ng'ombe anaendesha pikipiki, na ng'ombe akawa na leseni. Mahakama inaamini kivuli tu, kwa sababu picha zake zote zinachunguzana zenyewe kwa zenyewe.

"Ndugu Ambokile," Hakimu akaanza, "vifaa vya Shimo la Pili vilikuwa vizima?"

"Kule chini mambo safi, Mheshimiwa. Tulikuwa tunacheka tu."

Bwalo likacheka naye. Mwanamke mmoja akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni Ipyana, mstari wa pili, helmeti yake mapajani.

"Uliwahi kuogopa ukiwa chini?"

"Kuogopa?" Kivuli kikainamisha kichwa. Nilijua kinafanya nini. Kilikuwa kinapita kwenye mishono yangu yote, harusi moja baada ya nyingine, kikitafuta hofu, na hakukuwa na hata uzi mmoja. Kikainua uso, kikang'aa. "Mimi sijui kuogopa, Mheshimiwa."

Nikasimama. Sikuwa nimeamua, miguu iliamua. Ambokile aliogopa panya, aliogopa madaraja, aliogopa daktari wa meno na giza la mashimo, na bado alivuka, alikwenda, alishuka. Huyo ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Huyu wa mbele yangu asiyejua kuogopa simjui, na alikuwa anampeleka Ipyana chini.

"Mheshimiwa, nina neno la picha."

"Fundi hana mdomo," Bwana Mbilinyi akasema, kwa upole. "Ni sheria ya kazi yake mwenyewe, Mheshimiwa."

Hakimu Kyando akanitazama juu ya miwani. "Ukisema kama shahidi, fundi, ufundi wako unauacha kwenye meza hii. Unalijua hilo?"

"Ninalijua."

"Kivuli hakijafungwa bado?"

"Ningekifunga leo baada ya baraza, kisipokee uzi tena."

"Basi ni haki yake kuongezewa. Sema."

Nilijiambia nisimtazame mama, nikamtazama. Alikuwa amejifunika mdomo kwa kitenge, anatikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa ananiomba. Kama angenitukana ingekuwa rahisi zaidi.

Nikaweka mkono juu ya taa. Ilikuwa na joto.

"Picha ya mwisho, Ambokile ametoa ulimi. Aliipiga mwenyewe, akanitumia mimi, Sekela, rafiki yake. Hapo hakuwa anatania. Hapo alikuwa anaogopa."

Kicheko kikakatika. Helmeti safi ikatoweka, na mahali pake likaja ovaroli lenye tope, kwa mara ya kwanza tangu nimshone. Nilikuwa nimelikumbuka ovaroli lile kiasi kwamba kwa muda mfupi nilifurahi. Kisha nikauona uso. Ulimi ulitoka mpaka kidevuni, macho yakakutana puani. Mtu mmoja kule nyuma akacheka, akajikuta yuko peke yake, akanyamaza. Sura ile ilikaa, ikakaa, mpaka ikawa haichekeshi hata kidogo. Ulimi ukarudi. Kidevu kilikuwa kinatetemeka.

Kivuli kikaanza kupekua. Kikageuza shingo taratibu, kikatazama nyuma ya bega lake la kushoto, pale ambapo mimi niliona kitambaa.

"Imefungwa," kikasema.

"Nini kimefungwa?" Hakimu akauliza.

"Vali ya kupumulia. Kwenye picha ya siku ya mafunzo iko wazi, mvuke ukizidi inafoka yenyewe. Hapa imezungushiwa waya wa nondo." Pumzi zikawa zinakipanda. "Imezungushiwa waya. Haiwezi kupumua. Haiwezi kupumua."

"Ule waya ulikuwa wa muda tu," Bwana Mbilinyi akasema. "Mpaka spea zifike. Ikipumua mtambo unasimama, na mjini kote taa..."

Hakumaliza. Nadhani alijisikia mwenyewe. Bwalo lote lilikuwa linamtazama, naye akakaa chini na kuanza kutazama mikono yake.

"Shimo la Pili lisifunguliwe," Hakimu Kyando akasema. "Asishuke mtu yeyote mpaka vali hiyo ikaguliwe."

Watu wakainuka wakipiga kelele. Katikati ya kelele hizo nikasikia kivuli kinauliza, "Ipyana yuko wapi?"

"Niko hapa, kaka." Ipyana alikuwa ameshafika mbele. Helmeti aliiacha sakafuni.

"Ipyana yuko wapi?"

"Kaka, niko hapa. Nitazame."

"Ipyana yuko wapi?"

Mama Ambokile akapita katikati ya watu. Hakumtazama hakimu, hakumtazama Mbilinyi. Akaifunika taa kwa kitambaa chake cha kufuma, akaikumbatia kifuani, akatoka nayo kwenye mvua. Alipita karibu nami kiasi cha kunigusa kwa bega na hakugeuka.

*

Leseni yangu ilichukuliwa. Siku hizi napiga picha za kitambulisho karibu na soko. Watu wanakaa mbele yangu nawaambia wasicheke, na inanipa amani fulani.

Vali ilikutwa na waya wake, na shimo likazibwa kwa zege. Ipyana amepata kazi kwenye shamba la chai, na hupita dukani kwangu na mkungu wa ndizi bila kusema umetoka kwa nani. Mara ya kwanza aliyokuja nilimuuliza habari za nyumbani, akakwaruza meza kwa ukucha.

"Anauliza niko wapi. Mama anamjibu. Anatulia kidogo, halafu anauliza tena. Majirani wanamwambia mama aizime ile taa."

"Na yeye?"

"Anasema mgonjwa hazimwi."

Niliingia chumba cha giza nikalia mpaka mteja aliyekuwa anasubiri akaondoka. Nilimwokoa mmoja na kumtia mwingine hofu isiyokwisha, na huyo wa pili ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Watu wakiniambia nilifanya vema nawaambia ndaga, yaani asante, basi. Sijui kama nilifanya vema. Ninachojua ni kwamba ningesimama tena. Wakati mwingine nilifungua simu, nikaitazama picha yake, na chini yake ya kwangu yenye alama ya kijivu. Kwa mama sikukanyaga. Alikuwa amesema hatanii.

Juzi, mvua ikiwa imeshika bonde zima, nilikuwa namweka sawa mteja kola ya shati pale simu ilipolia mfukoni. Ilikuwa picha. Haikuwa na neno hata moja.

Ni Mama Ambokile, sebuleni kwake, amejipiga mwenyewe na kukata nusu ya paji la uso. Ametoa ulimi. Ni ulimi mfupi, na macho amejaribu kuyakutanisha puani likakubali moja tu, jingine linatazama dirishani. Nyuma yake, kwenye kochi, amekaa Ambokile na ovaroli lake la tope, katoa ulimi mpaka kidevuni.

Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, mteja akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia anisamehe, nafunga. Nikasimama mbele ya ile shuka nyeupe ninayowapigia watu picha za kitambulisho, nikageuza simu, nikatoa ulimi wote niliojaliwa, nikapiga, nikatuma. Nikaanza kutafuta mwavuli.

Kabla sijaupata, nikaitazama tena picha niliyotuma. Ilikuwa imesomwa.